Saa Ileile, Uso Mwingine

Mtu wa Nyamongo akinunua saa hanunui muda. Muda anao kwenye simu yake. Ananunua ukubwa. Anataka saa ambayo akishika usukani wa pikipiki, aliye ng'ambo ya barabara aione, na akinyoosha mkono kupokea chenji, muuzaji amwite bosi. Nimekaa na meza yangu pale sokoni miaka kumi na kitu, nauza saa na kuzitengeneza, na bado sijapata mwanaume aliyeniuliza kwanza kama saa inakwenda sawasawa.

Hao ndio walionifundisha, bila wenyewe kujua, kwamba macho ya binadamu si ya kuaminiwa. Nilikuwa na saa mbili za aina moja, kiwanda kimoja, mashine moja, boksi moja. Moja ilikuwa na uso mweupe, na ringi yake, yaani lile duara la chuma linaloshika kioo, ilikuwa nyembamba na ya kung'aa. Ya pili ilikuwa nyeusi tupu, uso na ringi. Kila aliyepita aliniambia kwamba nyeupe ndiyo kubwa. Mchimbaji mmoja akanunua ile nyeusi kwa kuipenda rangi, na kesho yake akarudi amekunja uso, eti nimempa saa ya kike.

"Ni ileile uliyoichagua jana," nikamwambia.

"Jana ilikuwa kubwa."

Mimi hasira zangu zinakaa karibu, hazihitaji nauli. Nikachukua karatasi, nikaiweka saa yake juu, nikaizungushia penseli. Kisha nikaiweka ile nyeupe juu ya duara lilelile. Ikakaa palepale, haikuzidi wala kupungua hata unywele. Akaitazama karatasi, akazitazama saa, akanitazama mimi.

"Penseli yako ina mchezo," akasema, na akaondoka na nyeupe.

Jirani yangu wa meza ya pili, mama anayeuza mitumba, ambaye hapendi jambo limpite, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema yeye hayo anayajua tangu zamani. "Gauni jeupe linanenepesha, jeusi linakondesha. Wewe ulifikiri nawauzia wanawake nguo? Nawauzia kiuno."

Tangu siku ile nikawa nachunguza. Mteja akipungua, napanga saa, naziacha, naenda kusimama mbali, narudi. Nikagundua kwamba jicho linakimbilia penye mwanga na kupima hapohapo. Uso mweupe ukifika mpaka ukingoni, ringi ikiwa nyembamba, saa inatanuka kama chapati. Uso huohuo ukiuzungushia ringi pana nyeusi, jicho linahesabu ule weupe wa katikati peke yake na ringi inasahauliwa, kwa hiyo saa inasinyaa. Ukiweka giza kote, saa inajikusanya, inakuwa ndogo na inaonekana nzito. Chuma hakijabadilika, na mkono haujabadilika. Nilifurahi na ugunduzi wangu kana kwamba nimeokota dhahabu, na nikautumia kuuzia saa. Mwenye mkono mnene nampa nyeusi aone imemkaa, mwenye mkono mwembamba anayetaka kuonekana nampa nyeupe, na wote wanarudi kunishukuru.

Sikudhani kwamba siku moja nitautumia kwa baba yangu.

Baba anakaa Kerende, kwenye mji wetu, na mama. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa mtu mkubwa kwelikweli, na alijijua. Mnadani walimfahamu kwa saa yake ya chuma, uso mweupe pee, ringi ya kung'aa, na alikuwa na namna yake ya kuinua mkono anaponunua, taratibu, ili jua lipige pale kwenye kioo. Likishapiga, wanunuzi wengine walihamia kwa ng'ombe mwingine. Alipenda sana jambo hilo. Sisi watoto tulimwiga kwa kujichora saa za kalamu mkononi.

Kisha akaugua tumbo, akapasuliwa, akalala hospitali muda mrefu. Akapona. Daktari alisema amepona, aende akatembee, akale, akaishi. Ila mwili haukurudi wote. Suruali zilipelekwa kwa fundi cherehani zikapunguzwa, koti likapunguzwa. Saa nilipunguza mimi mwenyewe, nikatoa vipingili vya mkanda mpaka ukamshika. Lakini uso wa saa haupunguzwi. Ulimjaa mkono wote, ukingo mpaka ukingo, kama sahani iliyowekwa juu ya glasi. Aliyemwona, kwanza aliiona saa, na ilikuwa kama saa inamnyooshea kidole: tazameni mkono ulivyobaki.

Baba aliliona hilo kabla yangu. Akaanza kuvaa mikono mirefu jua likiwa utosini. Baadaye akaacha kutoka. Mnadani hakwenda, kanisani hakwenda, hata kwa jirani wa pili hakwenda. Watu wakija kumjulia hali aliwakaribisha vizuri, akaongea vizuri, mikono ameificha katikati ya magoti. Kukaa kule kulinikera na kuniuma kwa pamoja, sijui kwa kipimo gani.

"Tata, ivue basi," nilimwambia siku moja, maana kwetu baba huitwa tata.

"Nikiivua watasema nimeiuza nikanunua dawa."

"Basi nikuletee nyingine ndogo."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa na mgeni. "Watu wanijue kwa ng'ombe, halafu siku hizi wanione nimefunga ndama? Watasema ile saa imezaa."

Mama, aliyekuwa anapepeta ulezi pale uani, aliinamisha kichwa kwenye ungo ili asionekane anacheka.

Hayo yangeendelea hivyo, kama si mdogo wangu wa kike wa mwisho. Yeye ni mwalimu Mbalibali, wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, na huko ndiko alikopata mchumba. Posa ilikwishapokelewa. Lililobaki lilikuwa baba wa binti kwenda zizini kwa wakwe kuwaona ng'ombe watakaoletwa. Jambo hilo kwetu halimalizwi kwa simu. Baba anapita katikati ya ng'ombe, anagusa huyu mgongo, anamfungua yule mdomo, anakataa mmoja kwa heshima, anakubali wengine, na kule kupita kwake kunawaambia wakwe kwamba binti huyu ana mtu wake.

Baba akasema ataenda baba mdogo.

Baba mdogo alifurahi kupita kiasi, na furaha yake ilitutia wasiwasi. Ni mtu mwema, mwenye sauti nzuri ya kuombea chakula, lakini ng'ombe anawajua kwa mchuzi. Jioni ile mdogo wangu akanipigia simu. Nilitegemea alalamike kwamba tutapewa ng'ombe wazee. Hakulalamika.

"Dada, ng'ombe wawe wawavyo," akasema. "Mimi nataka baba aonekane. Asipotoka kwa ajili yangu hatatoka tena kwa ajili ya yeyote. Atakaa pale uani mpaka tumzike."

Nilimwambia asiseme maneno hayo. Nilipokata simu nilijua ni kweli kila neno. Zilibaki siku sita.

Kesho yake nikaenda Kerende nikamwambia baba saa inahitaji kusafishwa na kutiwa mafuta, nimeisikia inakwaruza. Haikuwa inakwaruza kitu. Aliivua polepole, akanikabidhi, na mkono akaurudisha haraka ndani ya shati. Sijawahi kumdanganya baba kwa raha kama siku ile.

Mezani kwangu nina kopo la saa zilizokufa, nalitunza kama wengine wanavyotunza vifungo. Nilitafuta humo nusu ya asubuhi, na nikapata uso mweusi wa mashine kama ya saa ya baba, mzima, bila mkwaruzo, na namba nyeupe zinazosomeka. Nikafungua saa, nikatoa mishale kwa kibano, nikauinua ule uso mweupe nikaufunga kwenye pamba kama jino la mtoto. Nikaweka mweusi. Nikamwita jirani yangu wa mitumba, ambaye pamoja na maneno yake yote ana mikono myembamba kama fito, nikamvalisha, nikamwambia avuke barabara, asimame kama mtu anayesubiri pikipiki.

Sikuridhika. Uso ulikuwa umetulia, lakini ringi bado iling'aa, na ule mng'ao ulichora duara kubwa kwenye mkono wake ambalo ungeliona toka Sirari mpakani.

"Vipi?" akaniuliza kwa sauti kutoka ng'ambo, na bodaboda watatu wakadhani wanaitwa.

Siku ya pili nikajaribu kinyume. Nikarudisha uso mweupe, nikaubana kwa ringi nyeusi. Saa ilipungua kweli, ikawa ule weupe wa katikati tu. Ila weupe uliozungukwa na weusi ulitukodolea macho. Jirani yangu akaugeuza mkono huku na huku. "Mzee ataonekana ameshtuka," akasema, "na wakwe watauliza kimemshtua nini." Alisema kweli.

Siku ya tatu nikaweka vyote viwili, uso mweusi na ringi nyeusi isiyong'aa, mishale nikaweka nyeupe ili asome bila miwani. Jirani yangu akavuka barabara kwa mara ya sita au ya saba, akilalamika kwamba wateja wake watadhani amechanganyikiwa. Akasimama. Nikatazama, na nikajikuta nacheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza mkono ulionekana kwanza, saa ikafuata. Mkono ulikuwa mkono tu, wa mtu mzima, umefungwa saa ya kiasi. Nilimwita arudi nikamkumbatia, naye akauliza kama atalipwa kwa kukumbatiwa tu.

Kosa langu lilikuwa moja. Sikumwambia baba nimefanya nini. Nilidhani nitamkabidhi, ataifunga, atajiona, atafurahi, basi.

Alhamisi alasiri nikafika Kerende. Baba alikuwa uani, mama yupo na ulezi wake. Nikatoa saa kwenye kitambaa nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaiangalia, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. Uso wake ukabadilika.

"Hii si yangu."

"Ni yako, tata. Nimebadilisha uso tu na ringi."

"Mimi nimenunua ng'ombe miaka mingapi?" akaniuliza. "Nimebadilishiwa ng'ombe njiani na watu wenye akili kuliko wewe, na niliwakamata. Saa yangu ilikuwa kubwa. Hii ni ndogo. Ya kwangu umempa nani?"

Nikaapa. Akanikataza kuapa. Akamwita mama amletee uzi, na mama akachomoa mmoja kwenye gunia. Baba akaketi vizuri, akaufungua mkanda wa saa upande mmoja, akaizungushia uzi ubavuni, vilevile wanavyomzungushia ng'ombe kamba kifuani kukisia kilo zake. Akabana kwa kucha mahali uzi ulipokutana. Halafu akakwama, maana hakuwa na kipimo cha zamani cha kulinganisha. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na hasira zangu nazo zilikwishafika, zimeketi.

"Geuza nyuma," nikamwambia. "Ng'ombe wako si ana alama yako?"

Akageuza. Nyuma ya saa, kwenye mfuniko, palikuwa na mikato mitatu midogo ya msumari, miwili imelala na mmoja umesimama. Aliikata mwenyewe siku alipoinunua, na ndiyo alama ya masikio ya ng'ombe wake wote tangu nilipopata akili. Akapitisha kidole gumba juu yake. Akapitisha tena. Akaigeuza saa mbele, akaigeuza nyuma, mbele ni ndogo, nyuma ni yake.

"Ng'ombe ni wangu," akasema polepole. "Ngozi ndiyo ya jirani."

Hapo akacheka. Alicheka akishika tumbo mahali alipopasuliwa, akimwambia mama amzuie maana anaumia, na mama alikuwa hawezi kumzuia kwa sababu naye alikuwa amemwaga ulezi. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu hospitali.

Alipotulia akatuambia kitu ambacho hakuwahi kutuambia sisi binti zake, kwa kuwa ni siri ya biashara, na biashara ilikuwa ya wanaume. Kwamba mnadani ukiwa na dume jeupe na dume jeusi yenye kilo sawa, mgeni atalikimbilia jeupe, kwa kuwa jicho linamwambia ni kubwa. Wauzaji wajanja huwatanguliza weupe mlangoni. "Mweupe huuzwa na macho," akasema, "mweusi huuzwa na mzani. Nimewapata wengi weusi kwa watu wasiojua walichonacho." Alikuwa anasema kwa furaha, anachora kwa fimbo chini, mimi nasogea karibu kama mwanafunzi, maana niliyoyapata kwa penseli yeye aliyapata kwa kwato kabla sijazaliwa.

Kisha fimbo ikasimama. Aliitazama saa, akanitazama mimi, na niliona anaunganisha mambo mawili, mahari ya Jumamosi na mafuta ya saa ambayo haikuwa inakwaruza.

"Kwa hiyo," akasema, "umeuona mkono wangu."

Ningesema sikuuona angejua nadanganya. Nikasema, "Nimeuona, tata."

Akainuka, akaingia ndani na saa yake, akafunga mlango kwa adabu, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza. Nikabaki uani nikijilaumu. Mtu ameficha kitu kwa miezi, nami nimekwenda kukitengenezea mfuniko na kumwonyesha mfuniko wenyewe.

"Mwache," mama akasema, akiokota ulezi punje kwa punje. "Kuna kioo humo. Amekwenda kujitazama."

Nilingoja mpaka pikipiki ya kunirudisha ikaja. Hakutoka.

Jumamosi asubuhi gari la kukodi lilinipitia Nyamongo. Desturi haikunitaja mimi kwenye safari ile; nilikwenda kwa cheo cha mbeba dawa, iwapo baba atakwenda. Baba mdogo alikuwa amekwishakaa mbele, amevaa tai, ana mkoba ambao sijui ulikuwa na nini. Tukaingia uani kwetu Kerende, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, sitaki kuona mlango uliofungwa.

Baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti. Koti, kofia, viatu vimepigwa rangi. Mikono yote miwili iko juu ya fimbo, nje, mbele ya watu, na saa nyeusi iko mahali pake.

"Mmechelewa," akasema.

Baba mdogo alishuka kumsalimia, akamshika mkono, akaushikilia, akamtazama juu mpaka chini. Kuna neno alitaka kusema kuhusu nafasi yake ya mbele, lakini likatoka jingine. "Kaka," akasema, "mbona umenenepa?"

Baba alinitupia jicho moja tu, fupi, lililokuwa na ucheshi wote wa mnadani ndani yake, kisha akaenda kukaa kiti cha mbele. Baba mdogo akaja nyuma kukaa na mimi na mkoba wake.

Tulivuka Mara maji yakiwa mengi na mekundu, na baba alituonyesha mahali walipokuwa wakivushia ng'ombe zamani. Hakunyamaza mpaka Mbalibali. Kule tukapokelewa vizuri sana, shikamoo zikapita kwa wakubwa na marahaba zikarudi, uji ukaja, kisha mkwe mwenyewe, baba wa bwana harusi, akasimama kutupeleka zizini. Alikuwa mzee kumpita baba, mrefu, mkavu, mikono yake mitupu imekonda kuliko ya baba. Dume moja likaleta ubishi mlangoni, yeye akalishika pembe kwa ile mikono akalisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti, huku anaendelea kutusimulia habari za mvua. Nilimwona baba anaitazama ile mikono.

Jua lilikuwa limepanda. Baba akavua koti akanipa nilishike. Halafu, bila kuharakisha, akakunja mikono ya shati, wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka kwenye kiwiko.

Weupe walikuwa wametangulizwa mbele, wananawiri. Baba akawapita akiwasifu mmoja mmoja kwa heshima, akaenda zake nyuma kabisa kwenye kona, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mtamba mweusi ambaye mimi sikuwa hata nimemwona. Mkwe akaguna. Nadhani hakuwa amepanga yule aonekane.

"Jicho unalo, mkwe," akasema. Kisha akaona saa. "Ila saa uliyovaa ni ndogo. Mtu kama wewe angevaa kubwa."

Baba mdogo akakohoa. Mimi nikashika koti kwa mikono miwili. Baba akaiangalia saa yake, akafungua mkanda, akaivua, akamwekea mkwe kiganjani.

"Ipime," akamwambia.

Mkwe akaipima kwa kuirusharusha kidogo, nyusi zikapanda. "Loo. Nzito hii."

"Ndiyo. Nyeusi hujificha."

Wakacheka wazee wawili, wakaanza kubishana umri wa yule mtamba, na mkwe akasahau kuirudisha saa, akaishika vivyo hivyo ngumini. Baba hakuidai. Alipita ng'ombe hadi ng'ombe, anagusa, anafungua midomo, anainua mikia, na mkono wake mtupu ulikuwa hadharani, mwembamba, na alama ya mkanda imeuzunguka. Hakuuficha hata mara moja. Nilisimama pale mlangoni mwa zizi, miguu kwenye samadi, machozi yananitoka na sina mkono wa kuyafuta kwa sababu ya koti. Upande wa jikoni mdogo wangu alikuwa amesimama na wanawake wa pale, na sikuhitaji kumwuliza kama ameona.

Saa ilirudishwa wakati wa chakula. Baba aliitia mfukoni.

Njiani kurudi baba mdogo alilala, mdomo wazi. Tulikuwa tumekwishavuka mto ndipo baba aliposema, bila kugeuka, kwamba Jumatatu atakuja Nyamongo mwenyewe, kwa miguu yake, mezani kwangu.

"Kuna nini, tata?"

"Unirudishie uso wangu. Ule mweupe, na ringi yake."

Nilimwuliza huu mweusi umemkosea nini, mbona umemkaa vizuri.

"Hukumsikia mkwe? Saa ni ndogo," akasema. "Sasa nivae saa ndogo ya nini, na mkono ninao?"